Maswali ya Hesabu: namba 720,720 na majirani zake

Barua nyingi za toleo hili zinahusu namba moja, 720,720. Zilizobaki zinauliza juu ya namba kubwa zaidi, zile za tarakimu kumi na kuendelea. Tumezipanga kwa mfuatano wa kazi, kwa hiyo asiyejua vigawo 240 vya namba hiyo vimetokaje aanze na jibu la kwanza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilitakiwa kutafuta vigawo tasa vya 720,720. Nimegawanya kwa 2 mara nne, kwa 3 mara mbili, kwa 5 mara moja, nikabaki na 1001. Nikaandika kwamba 1001 ni tasa, nikakosa. Mwenzangu amepata jibu karibu bila kugawanya. Amefanyaje?

JIBU: Marahaba. Kazi yako ilikuwa safi mpaka mstari wa mwisho. Tuipitie: 720,720 kwa 2 ni 360,360, kisha 180,180, kisha 90,090, kisha 45,045, ambayo ni witiri, basi 2 imekwisha. Jumla ya tarakimu za 45,045 ni 18, kwa hiyo 3 inaingia: 15,015. Jumla yake ni 12, 3 inaingia tena: 5005. Sasa jumla ni 10, haiingii. Inaishia na 5, gawanya: 1001.

Hapo ndipo wengi huhukumu kwa macho. Namba haiitwi tasa mpaka imejaribiwa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha 1001 ni 31 na kidogo, kwa hiyo ulikuwa bado unadaiwa 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31. Ile ya kwanza tu inaingia: 1001 kwa 7 ni 143. Na 143 nayo ni mtego wa aina hiyohiyo. Kipeuo chake hakifiki 12. 7 inaacha baki 3, lakini 11 inaingia mara 13. Jibu kamili ni

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Hakiki kwa kurudi nyuma: 16 × 9 ni 144, mara 5 ni 720, mara 1001 ni 720,720. Na usiandike 16 au 9 kwenye orodha ya vigawo tasa. Ni vigawo, naam, ila si tasa.

Mwenzako aliangalia sura ya namba. Ni 720 iliyoandikwa mara mbili, na namba yoyote ya tarakimu sita ya namna hiyo ni zile tarakimu tatu mara 1001: 358,358 ni 358 × 1001. Kwa hiyo 7, 11 na 13 ziko ndani hata kabla hujashika kalamu, na kilichobaki ni kuvunja 720, yaani 8 × 9 × 10. Njia hii inafaa kwa tarakimu tatu zilizorudiwa, si kwa marudio yoyote. 7272 ni 72 × 101, na 101 ni tasa; 72,027,202 ni 7202 × 10,001, na 10,001 ni 73 × 137. Humo hakuna 7 ya bure.

SWALI: Namba hii inasomwaje? Mimi husema "elfu mia saba na ishirini, mia saba na ishirini", nikaambiwa nimetaja namba nyingine.

JIBU: "Elfu mia saba na ishirini" inaweza kusikika 720,000, na inaweza pia kusikika 700,020, kwa sababu haijulikani ile "ishirini" ni ya maelfu au ya mamoja. Tumia laki na utata unakwisha: laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini.

SWALI: Kitabu kinasema idadi ya vigawo hupatikana kwa kuzidisha vipeo. Nimezidisha 4 × 2 × 1 × 1 × 1 × 1 nikapata 8. Lakini nikijaribu 1, 2, 3 mpaka 10 zote zinaingia, na hizo tayari ni kumi. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa ni kusahau kuongeza 1 kwenye kila kipeo kabla ya kuzidisha. Ukitaka kuunda kigawo cha 720,720 unachagua: nichukue 2 ngapi? Unaweza kuchukua 0, 1, 2, 3 au 4, na hayo ni machaguo matano, si manne. Kwa 3 ni matatu (0, 1 au 2). Kwa 5, 7, 11 na 13 ni mawili mawili: uchukue au uache. Kwa hiyo 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Usipochukua chochote unapata kigawo 1. Ukichukua vyote unapata namba yenyewe. Hesabu yako ya 8 ilikuwa imeacha nje kila kigawo kinachokosa walau namba tasa moja, na hivyo ndivyo vingi.

Kwa njia hiyohiyo unaweza kuchambua zaidi bila kuandika orodha. Vigawo witiri ni vile visivyochukua 2 hata moja: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48, basi shufwa ni 192. Vigawo ambavyo ni miraba lazima viwe na vipeo shufwa tupu: kwa 2 ni 0, 2 au 4, kwa 3 ni 0 au 2, nyingine zote 0. Ni sita tu: 1, 4, 9, 16, 36 na 144.

Ukitaka kuorodhesha vyote 240, tafuta 120 vya kwanza kisha gawanya, maana huja kwa jozi. Kipeuo cha 720,720 ni karibu 848.95, kwa hiyo huvuki 848 unapotafuta nusu ya kwanza. Jozi iliyobanana kuliko zote ni 840 × 858. Ishike jozi hiyo, itarudi chini.

SWALI: Je, 720,720 ni namba timilifu? Nimeona mahali imeitwa namba ya Harshad, kwingine ikaitwa namba ya ziada, kwingine ikasifiwa kwa wingi wa vigawo. Ni kundi gani hasa?

JIBU: Timilifu siyo, hayo mengine yote ni kweli. Kinachochanganya ni kwamba majina hayo hayako ngazi moja. Mengine yanaeleza namba yenyewe, mengine yanaeleza namna tunavyoiandika. Mtu anayehesabu kwa mfumo wa mbili au wa kumi na mbili atakubaliana nawe kwenye yale ya kwanza, na huenda akakukatalia yale ya pili.

Tuanze na namba yenyewe. Ili kujua kama ni pungufu, timilifu au ya ziada, jumlisha vigawo vyake bila yenyewe. Ikiwa jumla ni ndogo kuliko namba, ni pungufu, zikilingana, timilifu, ikizidi, ya ziada. Usijumlishe vigawo 240 kimoja kimoja, utakosea njiani. Chukua kila namba tasa na vipeo vyake, jumlisha, kisha zidisha majibu: (1+2+4+8+16) × (1+3+9) × (1+5) × (1+7) × (1+11) × (1+13), yaani 31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14 = 3,249,792. Toa 720,720 ubaki na 2,529,072. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya namba yenyewe, kwa hiyo ni ya ziada, tena kwa kishindo. Kosa la kila siku hapa ni kusahau ile hatua ya kutoa.

Namba timilifu ni adimu: 6, 28, 496, 8128, halafu ya tano ni 33,550,336, ambayo ni 4096 × 8191. Na ungeweza kuikataa 720,720 bila kujumlisha chochote. Mwanahisabati Euler alithibitisha kwamba kila timilifu iliyo shufwa ni kipeo cha 2 mara namba tasa moja ya witiri, basi. Hii yetu ina tasa tano za witiri.

Sasa wingi wa vigawo. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo 240 au zaidi. Namba za sifa hiyo, yaani kila moja inayozipita kwa idadi ya vigawo zote zilizo chini yake, mwanahisabati Ramanujan alizichapishia uchunguzi mrefu mwaka 1915. Iliyo kabla ya yetu kwenye safu hiyo ni 665,280 yenye vigawo 224, na inayofuata ni 1,081,080 yenye 256. Angalia vipeo vya yetu: 4, 2, 1, 1, 1, 1. Vinashuka au vinalingana, havipandi, na tasa hazirukwi: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Lazima iwe hivyo. Kama namba ingekuwa na 17 badala ya 13, ungeweka 13 mahali pa 17 ukapata namba ndogo zaidi yenye idadi ileile ya vigawo, na cheo kingehamia huko. Lakini usigeuze maneno: kutopanda kwa vipeo hakutoshi kuipa namba cheo hicho. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ni 30,030, vipeo vyake vyote ni 1, havipandi, ila vigawo vyake ni 64 tu, na 7560 ambayo ni ndogo zaidi ina vigawo 64 pia.

Sifa nyingine ya namba yenyewe: 720,720 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika cha 1 mpaka 16. Ili kupata KDS hii chukua kipeo kikubwa cha kila tasa kisichozidi 16, yaani 16, 9, 5, 7, 11 na 13, kisha zidisha. Wapo wanaozidisha 1 mpaka 16 zote wakafika 20,922,789,888,000. Hicho ni kigawe cha shirika kweli, ila si kidogo. Kwa 17 namba yetu inaacha baki 5. Baada ya hapo huingia na kukataa: 18 inaingia, 19 haiingii, 20, 21 na 22 zinaingia, 23 haiingii.

Na idadi ya namba zisizozidi 720,720 ambazo hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1 ni 8 × 6 × 4 × 6 × 10 × 12 = 138,240 (yaani 16 − 8, 9 − 3, 5 − 1, 7 − 1, 11 − 1 na 13 − 1, zikizidishwa). Ni chini ya moja katika kila tano. Ukiokota namba yoyote bila kuchagua, uwezekano mkubwa ni kwamba itagusana na 720,720 mahali fulani.

Sasa maandishi. Namba ya Harshad ni ile inayogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake. Jina ni la Kisanskriti lenye maana ya "mleta furaha", na aliyelitoa ni mwanahisabati wa India, Kaprekar. Tarakimu za 720,720 zinajumlika kuwa 18, na 720,720 kwa 18 ni 40,040. Basi ni Harshad, lakini kwa mfumo wa kumi. Kwa mfumo wa mbili inaandikwa 10101111111101010000, tarakimu ishirini, na 1 ziko kumi na mbili. Namba yetu kwa 12 ni 60,060 kamili, kwa hiyo huko nako ni Harshad, ila ilibidi tuhesabu upya. Hatukuweza kurithi jibu la mfumo wa kumi.

Tazama pia sifuri nne za mwisho. Hizo ndizo 2⁴ zetu, zimekaa wazi. Zifute, ubaki na 1010111111110101, ambayo ni 45,045, na utaona inasomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Kwa mfumo wa kumi 45,045 haina uzuri huo hata kidogo. Ukiigeuza unapata 54,054.

SWALI: Tulifundishwa uthibitisho kwamba namba tasa hazina mwisho: zidisha tasa zote unazozijua, ongeza 1. Nikaona hiyo ni njia rahisi ya kutengeneza tasa. Kwa kuwa 720,720 inagawanyika kwa kila namba mpaka 16, je, si lazima 720,721 iwe tasa? Na 720,719 pia?

JIBU: Zote mbili si tasa. Uthibitisho huo, ambao ni wa Euclid, hausemi kwamba namba utakayopata ni tasa. Unasema kwamba vigawo tasa vyake, vyovyote viwavyo, havimo kwenye orodha uliyoanza nayo. Tofauti hiyo ni kubwa. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30,031, nayo ni 59 × 509.

Kwa 720,721 unachokijua bila jasho ni kwamba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 zote zinaacha baki 1. Tasa zisizozidi 848 ziko 146, kwa hiyo umesamehewa sita na umebaki na 140 za kujaribu kama namba ingekuwa tasa kweli. Zijaribu kwa kuikata namba vipande viwili, kazi inakuwa nyepesi. Kwa 17: 720 inaacha baki 6, bandika 721 mbele ya 6 upate 6721, hiyo kwa 17 inaacha baki 6. Haiingii. Endelea na 19, 23, 29, 31 na kuendelea. Zote zinakataa mpaka 67, na hapo ndipo watu huchoka na kutangaza tasa. Inayofuata ni 71: 720 inaacha baki 10, 10,721 kwa 71 ni 151 kamili. Basi 720,721 = 71 × 10,151.

Je, 10,151 ni tasa? Kipeuo chake hakifiki 101. Usirudi kuanza na 2. Tasa yoyote iliyo chini ya 71 ingeingia kwenye 10,151 ingekuwa imeingia kwenye 720,721 pia, nasi tumeshazijaribu. Zimebaki 71, 73, 79, 83, 89 na 97, na zinaacha baki 69, 4, 39, 25, 5 na 63. Ni tasa.

720,719 inaanguka mapema zaidi: kwa 31, 720 inaacha baki 7, na 7719 kwa 31 ni 249 kamili. Kwa hiyo ni 31 × 23,249, na 23,249 yenyewe ni 67 × 347.

Kinyume na ulichotarajia, jirani za 720,720 ni jangwa la tasa. Ukiiongezea 2 unapata kigawe cha 2, ukiiongezea 3 kigawe cha 3, na hivyo hivyo mpaka 16. Ukipunguza ni vilevile. Zile mbili zilizobandana nayo tumeshaziangusha. Kwa hiyo kuanzia 720,704 mpaka 720,736, namba 33 mfululizo, hakuna tasa hata moja.

SWALI: Inawezekana kuandika 720,720 kama jumla ya miraba miwili? Nimejaribu kwa kompyuta, sipati.

JIBU: Hutaipata. Tazama tasa zinazoacha baki 3 zikigawanywa kwa 4. Ili namba iwe jumla ya miraba miwili, kila tasa ya aina hiyo lazima iwe na kipeo shufwa. Kwetu 3 ina kipeo 2, haina tatizo. Lakini 7 na 11 zina kipeo 1, na yoyote kati yao inatosha kufunga mlango.

Kwa miraba mitatu mlango uko wazi. Inayoshindikana ni ile ambayo, baada ya kugawanywa kwa 4 mpaka isigawanyike tena, inabaki na kitu kinachoacha baki 7 kwa 8. Yetu ukiigawanya kwa 4 mara mbili inabaki 45,045, na hiyo kwa 8 inaacha baki 5. Tafuta mraba mkubwa usiozidi 45,045: 212² ni 44,944, zinabaki 101, ambazo ni 100 + 1. Zidisha 212, 10 na 1 kwa 4 kabla ya kuzipandisha mraba, upate 720,720 = 848² + 40² + 4².

Tofauti ya miraba ndiyo tamu zaidi. Ile jozi ya 840 na 858: wastani wake ni 849, na kila moja iko umbali wa 9 kutoka hapo. Basi 720,720 = 849² − 9², yaani 720,801 − 81. Hii ndiyo njia ya mwanahisabati Fermat ya kuvunja namba: panda kutoka kwenye kipeuo mpaka namba kamili ya kwanza, ipandishe mraba, toa namba yako, uone kama kilichobaki ni mraba. Kwa 720,720 inakubali kwenye jaribio la kwanza. Lakini usiifanye ndiyo silaha yako ya kila siku. Inakwenda haraka pale tu namba ina jozi ya vigawo vilivyokaribiana. Kwa 720,721, ambayo jozi yake ni 71 na 10,151, ungepanda kutoka 849 mpaka 5111 ndipo upate jibu. Kugawanya kwa tasa kulikufikisha hapo kwa majaribio ishirini, ukihesabu na yale sita ya bure.

SWALI: Nimeandika programu ndogo ya kuangalia vigawo. Nikiipa 9,007,199,254,740,993 inasema inagawanyika kwa 2. Namba inaishia na 3! Kompyuta imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Programu yako inahifadhi namba kwa mtindo wa desimali inayoelea, wa biti 64 (nafasi 64 za 0 na 1), ambao unatunza kwa uhakika namba kamili mpaka 2⁵³ tu, yaani 9,007,199,254,740,992. Ukivuka hapo, namba witiri hazina nafasi. Zinasogezwa kwenye shufwa ya jirani. Uliandika 993, ikahifadhi 992, kisha ikakujibu kwa ukweli kuhusu namba ambayo hukuiuliza. Matokeo yake ni mabaya kuliko unavyodhani: namba yako halisi ni witiri na jumla ya tarakimu zake ni 78, kwa hiyo inagawanyika kwa 3 (hisa ni 3,002,399,751,580,331). Ile iliyohifadhiwa ni 2 tupu zilizozidishwa, na 3 haiingii kabisa. Majibu yote mawili yamegeuka.

Programu za majedwali huwahi zaidi kukosea, nyingi hushika tarakimu 15 na ya 16 huigeuza kuwa 0. Dawa ni kutumia aina ya namba kamili isiyo na kikomo kama lugha yako inayo, au kusoma namba kama maandishi na kuigawanya kipande kwa kipande, kama tulivyofanya kwa 17: chukua tarakimu tatu, tafuta baki, bandika tatu zinazofuata, endelea. Kwa namna hiyo baki huwa dogo kila wakati na hata kikokotoo cha mkononi kinatosha. Usitafute baki kwa kuzidisha sehemu ya desimali inayoonekana kwenye kioo. Kwa namba ndefu sehemu hiyo imeshakatwa.

Kwa 7, 11 na 13 iko njia ya mkato inayotokana na ile 1001. Gawa namba katika vikundi vya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na ongeza kwa zamu: 993 − 740 + 254 − 199 + 7 − 9 = 306. Baki za 306 ndizo baki za namba nzima: 5 kwa 7, 9 kwa 11, 7 kwa 13. Hakuna inayoingia.

SWALI: 2,147,483,647 na 4,294,967,297 zote zina tarakimu kumi na zote ziko karibu na vipeo vya 2. Ya kwanza ni tasa, ya pili siyo. Kabla ya kompyuta walijuaje?

JIBU: Walipunguza orodha ya kujaribu. 2,147,483,647 ni 2³¹ − 1, na kipeuo chake ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo kuna tasa zaidi ya 4000. Lakini kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1 lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 62, na sharti hilo hufuta sehemu kubwa mno ya orodha. Kwa njia ya namna hiyo Euler alionyesha mwaka 1772 kwamba ni tasa.

4,294,967,297 ni 2³² + 1. Fermat aliamini kuwa ni tasa. Euler ndiye aliyeonyesha kwamba kigawo chake chochote tasa lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Ziandike: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano linaingia: 641 × 6,700,417.

Unaweza kuhakiki bila kugawanya. 641 ni 640 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo tukitazama baki tu za kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 641 ni pia 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haiachi baki.

Inabaki 6,700,417. Baadaye mwanahisabati Lucas alikaza sharti la Euler kutoka 64 hadi 128, na kipeuo cha namba hii hakifiki 2589. Tasa zilizo kigawe cha 128 kuongeza 1 chini ya hapo ni 257, 641, 769, 1153 na 1409. Zinaacha baki 170, 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.